Ukuta wa Nne

Siku mume wangu alipofariki, brashi zake zilikuwa zimelowekwa kwenye kopo nje ya mlango. Alikuwa ametoka kununua msasa. Moyo ukagoma akiwa dukani. Tuliporudi kutoka makaburini, maji ya lile kopo yalikuwa na wekundu hafifu, kama chai ya maziwa. Wageni wamejaa ndani, mimi nikakaa kibarazani nikaziosha zile brashi. Watu wakanong'ona kwamba nimechanganyikiwa.

Alikuwa fundi rangi, na alikuwa ameacha sebule ya mama mmoja mstaafu bila kuimaliza, kuta tatu tayari zimepakwa, wa nne ukiwa plasta tupu. Msiba ulipotulia, yule mama akapiga simu. Alinipa pole, kisha akasema atatafuta fundi mwingine arudie sebule yote na kupaka vyumba vilivyobaki.

"Nipe ukuta huo mmoja, mama," nikamwambia. "Usipofanana na wenzake, mwite umtakaye. Ukifanana, vyumba ni vyangu."

Akakubali, shingo upande.

Shemeji yangu, aliyekuwa akimbebea kaka yake ngazi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Shemeji, ukuta haupakwi kama kucha!"

"Na kucha zangu, ushawahi kuona rangi imevuka ikagusa kidole? Beba ngazi, twende."

Niliziba nyufa, nikapiga msasa mpaka kiganja kikapita bila kukwama, nikafuta vumbi, nikapaka rangi ya kutangulizia. Tukafungua kopo jipya. Jina lile lile, namba ile ile, lakini wekundu wake ulikuwa umepungua kidogo. Mume wangu alikuwa akisema makopo ni mapacha, anayeyatofautisha ni mama yao. Ndiyo maana hakupaka ukuta mmoja kwa makopo mawili bila kuyachanganya kwanza. Nikamimina rangi aliyoibakiza na kopo jipya kwenye ndoo moja, nikakoroga mpaka bega likaniuma. Miaka yote hiyo mkorogaji nilikuwa mimi. Yeye alikuwa na haraka ya kupanda ngazi.

Nilianzia konani. Mpaka wa ukuta na dari niliupaka kwa mkono mtupu, bila utepe, pumzi nimeibana.

Nilipomaliza kupaka rangi mara ya pili, mama akaingia. "Ala! Hii si ile. Imepauka!"

Shemeji akaninong'oneza, "Tuongeze wekundu upesi, kabla haijakauka."

"Ukiigusa hiyo ndoo nakukata mkono." Nikamgeukia mama. "Rangi mbichi ni msengenyaji, mama. Usimsikilize mpaka anyamaze."

Tukaketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukanywa chai yake. Sikuisikia ladha. Rangi ikaanza kukauka upande wa dirisha, ikakolea polepole kuelekea konani, kama mtu anayerudi nyumbani bila haraka.

Mama akasimama katikati ya sebule. Akazunguka. Akazunguka tena. Kisha akamfunga shemeji macho kwa mtandio, akamzungusha mpaka akapoteza mwelekeo, akamsogeza pua karibu na ukuta mmoja, ndipo akamfungua.

"Haya, niambie. Ukuta huu ni wa marehemu, au wa shemeji yako?"

Shemeji, kwa kujiamini kabisa, akanyoosha kidole. "Huu hapa wa kaka! Mkono wake naujua hata gizani."

Ulikuwa wangu.

Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, na mama akacheka nami mpaka chai ikamwagika. Shemeji akaukagua tena ukuta wangu, kutoka kona hadi kona.

Jumatatu tunaanza vyumba. Ngazi anabeba shemeji, na rangi nakoroga mimi.