Jogoo Anaona Nini

Nyumbani walimwita Profesa kwa utani, na utani huo ulishaanza kumchoma. Wasahihishaji wa chuo walikwisha kumrudishia kazi yake mara moja. Leo saa nne angesimama mbele yao kuitetea kwa mara ya mwisho. Akianguka, basi, miaka yote ya kusoma mashairi ya watawa wa kale imekwenda na maji.

Alfajiri akabisha kwa shangazi yake, aliyefundisha mashairi hayo mpaka magoti yakamgomea. Alimkuta jikoni chini ya taa, anamenya viazi.

"Soma," shangazi akasema. Kisu hakikusimama.

Akasoma shairi. Petro anaota moto uani kwa kuhani mkuu, anamkana Bwana wake, jogoo anawika.

"Hapa jogoo ni aibu," Profesa akaeleza. "Ndivyo nilivyoandika, mwanzo hadi mwisho."

"Na ubeti wa mwisho? Mbona mtawa amemrudisha jogoo yuleyule, akamkalisha juu ya paa la kanisa? Tangu lini watu wakaanika aibu yao juu ya paa?"

Hapohapo ndipo wasahihishaji walipomkamata.

"Panda kigoda hicho."

"Jamani, shangazi."

"Panda, mwanangu. Wewe ndiye jogoo. Mimi Petro, nimeinamia moto wangu. Haya, unaona nini?"

Alipanda. Dirisha lilizibwa na ukuta wa jirani, lakini kutoka kule juu macho yaliuvuka. Nyuma ya mapaa mbingu ilikuwa imeanza kuwa nyeupe.

"Kunapambazuka."

"Ala. Mimi huku chini naona viazi tu."

Profesa akabaki juu ya kigoda. "Kumbe jogoo hamsuti. Anamwambia kumekucha."

"Anamsuta pia. Usimnyang'anye Petro machozi yake, aliyatolea jasho. Ila wale watawa hawakumlisha ndege kwa kazi moja."

Profesa akamtazama mama huyu mwenye maganda vidoleni, anayeingia kichwani mwa mtawa aliyekufa kitambo kama mtu anayeingia sebuleni kwake, bila hodi. Akatamani naye azeeke hivyo.

Saa nne, msahihishaji mkuu, mzee asiyecheka, hakuzunguka mbuyu. "Binti, swali ni lilelile. Jogoo yuko juu ya paa. Aibu gani hiyo?"

Profesa akafunga karatasi zake.

"Mheshimiwa, naomba nipande juu ya kiti."

Wasahihishaji wakatazamana. Mzee akafikiri kidogo, kisha akainuka, akamsogezea kiti chake mwenyewe, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe.