Rangi ya Dawa

"Nyonya, mama. Nyonya basi," Dobi alimbembeleza binti yake wa wiki tatu, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa nyuma ya mashine za kufulia. Mtoto aligusa chuchu kwa midomo, akaiacha, akasinzia.

Mama mkwe, aliyekuwa akimleta mtoto kazini kila adhuhuri ili anyonye, hakubandua macho. "Mwanangu, huyu mtoto simpendi alivyo. Macho yamekuwa manjano tangu juzi."

"Ni ile rangi ya dawa, mama. Si nilikwambia? Itatoka."

Dawa yenyewe alipewa na Mpiga Pasi, shoga yake wa hapo hapo kazini. Haja ndogo ilikuwa ikimchoma kama pilipili, na Dobi alishinda mbele ya beseni akibana miguu, meno yameumana. Shoga akachomoa mkobani vidonge vilivyomsalia alipougua yeye.

"Maumivu yataisha sasa hivi. Ila usije ukapiga yowe chooni, utakojoa rangi ya chungwa!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakuna aliyekumbuka maziwa.

Maumivu yalikatika kweli. Nguo ya ndani ikapata doa la chungwa, akaliroweka, likatoka. Kwa hiyo mtoto alipoanza kuwa manjano, Dobi hakushtuka. Miaka kumi na miwili alikuwa amepambana na wino, kutu, damu na mafuta ya gari, na kwa mambo ya rangi hapakuwa na wa kumfundisha. Ndiyo maana mama mkwe, aliyelea watoto saba, alimeza maneno yake siku mbili nzima.

Leo yalimshinda. "Rangi haimfanyi mtoto akatae titi," alisema, akambeba mjukuu wake na kutangulia mlangoni.

Hospitalini, daktari alibonyeza paji la uso la mtoto kwa kidole, kisha akageuza karatasi ya vidonge aliyokuja nayo Dobi, tupu.

"Ulimeza hivi huku unanyonyesha?"

"Ni vya maumivu tu, daktari. Nilijua ni rangi inapita."

"Hakuna mwenye hakika na usalama wake kwa mtoto mchanga. Na huyu wako, nadhani, kazaliwa na damu isiyovumilia dawa kama hii. Damu yake inavunjika, dada. Ndiyo hayo manjano." Akashusha sauti. "Zipo dawa za ugonjwa wako zinazomfaa anayenyonyesha. Ungeuliza. Hata mngekuja juzi…"

Dobi alijichukia kuanzia utosini hadi unyayoni. Aliomba ule moto wa mkojo umrudie maradufu, umkae maisha yake yote, ili mradi mtoto afumbue macho na kulilia ziwa. Hakuna aliyempa nafasi ya kubadilishana.

Walimlaza mtoto chini ya taa ya buluu ya kupunguza manjano, kitambaa machoni, wakaenda kumtafutia damu ya kumwongezea. Muuguzi alirudi peke yake, akasema bado wanatafuta. Akampa Dobi kikombe, akamwagiza ayakamue maziwa na kuyamwaga.

Kitanda cha pili, mtoto wa watu aliamka na njaa, akalia kwa nguvu zote. Matiti ya Dobi yakaitika. Maziwa yakachuruzika, yakalowesha gauni mpaka kiunoni, huku binti yake akiwa kimya chini ya taa. Mama mkwe alinyoosha mkono amfute, kisha akaurudisha mapajani.