Kichwa cha Wifi

Kisasi cha msusi hakina haraka, maana kila kichwa hurudi. Kinaweza kuzunguka mji mzima, kikajaribu saluni za vioo vikubwa na wasusi wenye kucha ndefu, lakini siku ya siku, siku ya kupigwa picha au kupanda jukwaani, kitarudi kwa yule anayekijua. Mama Kishungi alilijua hilo, ndiyo maana hakumtukana wifi yake siku ile kule ziwani. Alimeza. Wiki saba nzima alimeza.

Safari yenyewe ilianza na mkosi. Walikwenda likizo ya siku nne: yeye, mume wake, mtoto wao wa miaka mitatu na nusu, na wifi, dada mkubwa wa mume, mwalimu wa nidhamu ambaye hata akiwa likizo hutembea kama anakagua mistari ya wanafunzi. Ndani ya basi mtoto alitapika mara tatu, na ile ya tatu akachagua sketi ya shangazi yake. Wifi alijifuta kwa leso, akaikunja leso mara nne, akaendelea kutazama mbele. Walipofika kwenye nyumba waliyopanga, mume alifungua begi lao jeusi akakuta viatu vya kiume ishirini na vinne, vipya kabisa, vyote vya mguu wa kushoto. Alikuwa amebeba begi la mchuuzi anayezungusha sampuli za viatu madukani. Na huyo mchuuzi naye bila shaka alikuwa mahali fulani akishangaa chupi za mtoto na taulo lenye picha ya bata.

Jioni ile walicheka wote, hata wifi. Asubuhi mchuuzi akapiga simu, kwa kuwa namba ya mume ilikuwa imeandikwa kwenye begi, wakakubaliana kukutana stendi walikoshukia, mwendo wa zaidi ya masaa mawili kwenda na mengine kurudi. Mume akasema waende wawili, maana vitu vya ndani ya begi mke ndiye anayevijua, na mtoto asipandishwe basi tena, abaki na shangazi yake, tumbo lipumzike. Lilikuwa neno la busara. Mama Kishungi akambusu mtoto utosini, juu ya nywele, akaenda zake.

Nywele hizo nazo zina habari yake. Mtoto alizaliwa wa miezi saba, kichwa kitupu kama yai, na kwa wiki sita alilala hospitali na plasta kichwani pale walipopitisha sindano, kwa sababu mishipa ya mikono ilikuwa midogo mno. Mama yake alikaa kwenye kiti cha plastiki akikitazama kichwa kile mchana kutwa. Nywele zilipoanza kuota, akiwa na miezi kumi na moja, akasema mkasi hautazigusa mpaka mwenyewe aombe. Zikaota, zikasimama juu ya paji kama kishungi cha ndege, na jina likapatikana hapohapo. Kila Jumapili asubuhi alimpakata, akamchana, akamsuka mistari sita. Nusu saa ile ndiyo pekee ambayo mtoto yule asiyejua kutulia alitulia, akamsimulia mama yake kila kitu: nani kamng'ata nani chekechea, na kwa nini paka hana suruali. Mama Kishungi alisuka vichwa kumi kwa siku ili wale, na hicho kimoja kwa wiki kwa ajili ya roho yake.

Waliporudi na begi, alasiri, mtoto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango na kipara kinachong'aa.

Wifi alikuwa jikoni anaosha vikombe. Kabla hajaulizwa akasema kwamba amempeleka kwa kinyozi wa pale sokoni, kwamba mtoto wa kiume hasukwi, na kwamba mtu akitaka kukasirika akasirike, kazi imeshafanyika. Mume alishika kichwa kwa mikono miwili. Akamuuliza dada yake amefanya nini, sauti ikitaka kukatika, halafu akamkumbatia mkewe, na mke akalia kwenye shati lake mpaka likalowa. Mtoto alikuwa anataka kujua nywele zimekwenda wapi na zitarudi lini. Siku mbili zilizobaki za likizo walikula kila mtu akitazama ziwa kana kwamba ndilo lililokosea.

Lakini kilichomchoma hasa kilikuja Jumapili iliyofuata, nyumbani. Kwa mazoea tu alikaa na chanuo lake, akamwita mtoto. Mtoto akaja, akasimama mbele yake, akajipapasa kichwa. "Hakuna kazi, mama," akasema, akakimbilia nje kucheza. Mama Kishungi akabaki na mapaja matupu. Siku hiyo ndiyo aliyoapa.

Watu walimwambia nywele huota. Majirani walisema, wateja walisema, hata mama yake mzazi alisema kwenye simu. Mume alimwambia amwachie Mungu, naye akamjibu kwamba Mungu ana wateja wengi, huyu mmoja atamhudumia yeye. Mume akacheka kidogo, akampapasa bega. Alikuwa mpole sana wiki zile, mume yule. Aliosha vyombo bila kuombwa, na kila wifi alipotajwa alitikisa kichwa kwa masikitiko.

Wiki ya saba wifi akapiga simu. Ameteuliwa kuwa mwalimu mkuu. Jumatatu atapigwa picha, na picha hiyo itatundikwa ofisini kwenye safu ya walimu wakuu wote waliomtangulia, na itakaa hapo hata baada ya yeye kustaafu. Mama Kishungi alijua anachotaka. Wifi alikuwa mtu mkavu, hana hereni, hana rangi ya mdomo, lakini nywele alikuwa nazo, nyingi, za kufika mabegani, na hakuna mkono mwingine uliozitia dawa ya kunyoosha tangu Mama Kishungi aolewe katika ukoo ule.

"Njoo Jumamosi mchana, wifi," akamwambia. "Nitakuwa sina mtu."

Jumamosi alimaliza wateja wake mapema, akafagia, akageuza kibao cha mlangoni. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja: viti viwili, kioo cha ukuta mzima, sinki, na benchi la wanaosubiri. Wifi akaketi. Mama Kishungi akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akazisifia nywele, akamwambia picha ile itawafanya wale wa zamani wote ukutani waonekane watumishi wa ofisi. Wifi akatabasamu, kitu adimu, akalegeza shingo.

Anayetia dawa nywele huanza kwa kupaka mafuta mazito ukingoni mwa nywele, nyuma ya masikio na kisogoni, ili ngozi isiungue. Halafu hupaka dawa, hutazama saa, na dakika ya kumi na tano, ishirini kwa nywele sugu, huosha. Siku hiyo kopo la mafuta lilibaki na kifuniko chake. Mama Kishungi alivaa glovu, akapaka dawa kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji, taratibu, asiache hata unywele. Kisha akavuta kigoda, akaketi, akaitazama saa ya ukutani.

Dakika ya kumi na mbili wifi alisema inawasha.

"Vumilia, wifi. Ndiyo inashika."

Ni neno ambalo kila msusi hulisema, ila yeye alikuwa hajawahi kulisema kwa uongo. Dakika ya ishirini na tano wifi alikamata mikono ya kiti. Dakika ya thelathini machozi yalimtoka, akayaacha yateremke. Na Mama Kishungi alisikia raha. Tusidanganyane, alisikia raha iliyomjaa mpaka mabegani. Alizihesabu Jumapili zake: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ile aliyotaka kujua mtoto ameota ndoto gani na mtoto akasema hana nafasi. Zilipotimia saba, dakika ya arobaini ikiwa imefika, akasimama na kumlaza wifi kwenye sinki.

Nywele zilitoka na maji. Zilitoka viganja kwa viganja, laini kama tambi zilizopitiliza jikoni, zikaziba tundu la sinki mpaka ikabidi azichote. Chini yake ngozi ilikuwa na mabaka mekundu. Alimrudisha mbele ya kioo, akamtoa taulo.

"Nywele huota, wifi," akasema. Sentensi hiyo alikuwa ameitunza wiki saba.

Alingoja kelele. Wifi alijitazama muda mrefu, akakigusa kishungi kimoja kilichosalia juu ya sikio, kikabaki kidoleni.

"Nilijua tangu dakika ya ishirini," akasema. "Nimefundisha miaka ishirini na sita. Mtu anayemsubiria mwenzake namjua."

"Na ukakaa?"

"Nikakaa. Nilimnyoa mtoto wako na wewe haupo. Nikasema acha naye anyoe, labda tutarudi kuwa ndugu." Akavuta mkoba wake, akatoa simu. "Ila sikubali kunyolewa peke yangu."

Ulikuwa ujumbe wa sauti, wa asubuhi ile ya safari ya begi. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea huku akichungulia mlango, na Mama Kishungi aliitambua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa sababu alilala pembeni yake kila siku.

"Dada, hili begi ni bahati. Mimi namchukua mama yake, mpaka alasiri hatupo. Mpeleke kwa kinyozi, umalize kabla hatujarudi. Kazini wananicheka, wananiita baba wa binti. Mimi siwezi kumwambia, unamjua alivyo. Wewe atakuvumilia. Na usinitaje, dada, nakuomba."

Alisema airudie. Wifi akairudia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na yeye machozi yake alikuwa ameyafutia kwenye nguo yenyewe. Akalikumbuka lile shati lilivyolowa, na mkono uliokuwa ukimpapasa mgongo.

Wifi akasema huyo ni mdogo wake, alimbeba mgongoni, na akishamwomba kitu kwa sauti ile ya utotoni yeye huwa hana ujanja. Akasema pia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupaka sukari, kwamba ile misuko naye hakuipenda na bado haipendi. "Lakini ningekuwa mimi ndiye mwenye neno," akasema, "ningekwambia machoni pako."

Mama Kishungi alitaka kukasirika akakosa pa kuiweka hasira. Aliona aibu, aibu ya kazi kwanza, maana mabaka yale yalikuwa kazi ya mkono wake na mkono huo watu waliuamini. Akachukua maji baridi, akakiosha kile kichwa mara ya pili, mara ya tatu, akapaka dawa ya kuungua, halafu akashika mashine na kuondoa vibaki vya nywele vilivyosimama huku na huku. Alinyoa kwa uangalifu wa mtu anayenyoa mtoto mchanga. Katikati ya kazi akasema, "Nisamehe, wifi," kwa sauti ndogo. Wifi akamwambia aangalie sikio.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Mume alikuwa amekuja kumchukua mkewe, kama alivyofanya kila Jumamosi, mtoto yuko mabegani. Mtoto alipoona akapiga makofi: shangazi ananyolewa kama yeye. Mume alimtazama dada yake, akamtazama mkewe mwenye mashine mkononi, akapiga hesabu zake haraka kichwani. Akaona vita vimekwisha na mshindi amepatikana. Akasogea upande wa mshindi.

"Pole, dada," akasema. "Lakini ukweli usemwe. Mtoto wa mwenzio ulimnyoa bila ruhusa. Mwosha huoshwa."

Wifi akafumba macho. Mama Kishungi akazima mashine, akafuta kidole chake kwenye aproni, akaibonyeza simu iliyokuwa mbele ya kioo.

Ujumbe ulisikika wote, mpaka ile nakuomba ya mwisho. Mtoto ndiye aliyefurahi. "Baba yumo kwenye simu," akasema, akamvuta baba yake sikio ili na yeye asikie. Mume akamteremsha mtoto chini polepole. Alitazama mlango, akamtazama dada yake, ambaye bado alikuwa amefumba macho, akafungua mdomo kuanza na "mke wangu, sikiliza."

Mkewe akamwonyesha benchi. Akaketi.

Mama Kishungi alimsogelea, akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia juu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Lakini mume huyu hakuwa na za kutia maji. Alikuwa na kipara tangu kabla ya harusi, kichwa laini, hakuna pa kushika.

"Wewe nywele huna," akamwambia taratibu. "Itabidi nifikirie nianzie wapi."

Akamrudia wifi. Akafungua kitambaa alichokuwa amejifunga mwenyewe kichwani, akamfunga nacho, akikaza mafundo mbali na mabaka, akamwonyesha kwenye kioo jinsi ya kukilaza kwenye paji siku ya picha. Mume alibaki kwenye benchi la wateja, mikono magotini, akisubiri zamu yake.