Farasi Aliyeitwa Bandari

Kiharusi kilipomlaza Mzee Fazel na kumwachia upande mmoja tu wa mwili, jambo la kwanza aliloamua lilikuwa kumuuza farasi wake Bandari. Habari za malori yake ya mizigo hazikumhusu tena, kwa kuwa mwanawe Hoosen alikuwa ameshayachukua bila kuuliza. Alimwita binti yake Khadeeja karibu na kitanda, akamwambia kwa ulimi mzito, "Mtafutie farasi makao mema. Mimi sitampanda tena."

Khadeeja alikuwa mwalimu, mwanamke aliyeachika na kurudi nyumbani kwa baba yake Chatsworth, na alijua maneno hayo yalimgharimu mzee kiasi gani.

Fazel alizaliwa kule Bluff, katika jamaa za Wazanzibari wa Durban, akaletwa Chatsworth angali mtoto, wakati serikali ya makaburu ilipokitaka kilima chao. Ujanani aliendesha lori la kubebea farasi wa wazungu. Aliwafikisha mashambani huko juu Shongweni, akawashusha, kisha akasubiri kando ya lori huku wenyewe wakipanda na kupotelea vilimani nyuma ya mbwa. Hawakuwa wakiwinda mnyama. Mtu alitangulia akiburuta gunia lenye harufu, mbwa wakalifuata gunia, na farasi wakawafuata mbwa, wakiruka magogo na mitaro na nyua. Raha yao ilikuwa mbio zenyewe. Fazel aliwatazama miaka mingi. Nchi ilipogeuka, naye akawa na malori yake mwenyewe Clairwood, yakibeba mizigo ya bandarini, alinunua farasi, akaomba kuingia klabu yao. Walimkubali. Alikuwa peke yake wa aina yake.

Bandari alikuwa farasi mrefu wa rangi ya kahawia iliyoiva, mwenye kifua kipana na tabia ya kuegemeza kichwa begani mwa mtu. Mzee alimpa jina la mahali palipomlisha. Wanaklabu walilitamka jina hilo vibaya, na hakuwasahihisha.

Tatizo lilikuwa mguu. Msimu uliopita, akiwa bado na mzee mgongoni, Bandari aliteguka ukano wa mguu wa mbele. Daktari wa mifugo alisema wazi kwamba atapona, lakini asiruke kitu chochote mpaka mwaka upite. Achille, kijana Mkongo wa Uvira aliyekuwa saisi wake, alimwogesha mguu huo kwa maji baridi kila asubuhi na kumtembeza polepole kwa kamba.

"Iko inapona," Achille alimwambia Khadeeja alipokwenda zizini. "Lakini inataka mutu mwenye uvumilivu, dada. Akimuharakisha, eish, mguu inavunjika."

Mtu wa kwanza kumtaka alikuwa Laetitia, mama wa Kikongo aliyekuwa na zizi dogo karibu na hapo. Alifundisha watoto wenye ulemavu kupanda farasi, wengine wasioweza hata kukaa sawasawa bila kushikwa. Alimzunguka Bandari kimya, akamshika masikio, akampapasa mguu. Bandari akaegemeza kichwa begani mwake.

"Huyu mimi namuchukua hata kesho," alisema. "Kwangu hataruka tena. Atatembea tu, atakula, atazeeka."

Khadeeja alirudi nyumbani na moyo mweupe. Lakini mzee aliposikia, alifumba jicho lake zima.

"Farasi wa kuwinda umfunge kwenye duara la watoto? Huko ni kumzika hai."

"Baba, ulisema makao mema."

"Makao yake ni klabu. Mpigie Steve."

Steve ndiye aliyeongoza msafara wa klabu, mtu mkubwa mwenye shamba na zizi lililojaa. Kwa miaka yote ile Fazel alikuwa akila meza moja naye, wakibishana juu ya mvua na udongo, na jina la Steve halikukauka nyumbani Chatsworth. Steve kasema hivi, Steve kaniambia vile. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo pale nyumbani, wala hospitalini mzee alipolazwa. Alituma maua.

Safari hii alikuja mwenyewe. Alipotea njia mara kadhaa, akampigia Khadeeja simu kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani za chini ya kilima, na Khadeeja akaenda kumchukua. Mzee alikuwa ameshavalishwa, amekalishwa kwenye kiti, nywele zimechanwa. Alipomwona Steve mlangoni uso wake ulikunjuka upande mmoja, na machozi yakamtoka. Daktari alishasema ugonjwa huo humfanya mtu alie upesi, lakini Khadeeja hakuona kama ni ugonjwa peke yake.

Walizungumza Kiingereza, wakacheka habari za zamani. Steve alikula sambusa tatu. Halafu Khadeeja akalileta neno lake.

"Mguu wake haujapona. Daktari amekataza kuruka mpaka mwaka ujao."

"Najua, mama. Nilikuwepo alipoumia," Steve alisema.

"Na hutamuuza kwa mtu mwingine?"

"Atakaa kwangu mpaka afe. Nakupa neno langu." Kisha akamgeukia mzee, akamshika ule mkono uliokufa. "Faz, huyu ni mmoja wetu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena. Bei aliyoitaja Steve ilikuwa ndogo kuliko ya Laetitia, na mzee hakuijibu, kama mtu aliyeona aibu kwamba bei imetajwa kabisa.

Jioni Khadeeja alimpigia Laetitia kumweleza. Laetitia akasema, "Sawa, mama. Ni farasi ya papa. Yeye ndiye anajua."

Siku ya kumchukua, Achille alimpiga brashi Bandari mpaka akang'aa, akamfunga bendeji mpya mguuni. Alikuwa ametumaini kwamba Steve angemwajiri pamoja na farasi, lakini Steve tayari alikuwa na saisi wake, Mrundi mmoja aitwaye Nahimana. Achille akamweleza Nahimana habari za mguu kwa utaratibu, mkono wake ukipita juu ya ukano, na Nahimana akasikiliza vizuri. Bandari alipanda lorini bila kusita. Alikuwa amezoea kwamba lori humpeleka mbioni.

Baada ya hapo Steve alituma picha moja, Bandari akila nyasi kwenye uwanja wenye ua mweupe. Khadeeja alimwekea mzee ile picha mahali anapoiona. Kila mgeni alionyeshwa.

Msimu ulifunguliwa majani yalipokauka. Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, Achille alikuja nyumbani Chatsworth. Siku hizo alikuwa akipakia shehena kwenye ghala moja Clairwood, na ilibidi apande taxi mbili kufika. Hakukubali kuingia ndani. Khadeeja akatoka, wakasimama kando ya gari.

"Dada, Bandari amekufa. Nahimana amenipigia. Wamemurusha kwenye ua ya mbao, mguu ikavunjika, wakamupiga risasi palepale."

"Nani alimpanda?"

"Mugeni wa Steve. Farasi hazikutosha."

Khadeeja aliingia ndani, akamwambia baba yake kwamba anatoka kidogo, akaendesha gari peke yake mpaka shambani kwa Steve. Alimkuta uani akivua buti. Nyuma ya nyumba mbwa walikuwa wakibweka, wengi, ile sauti ya furaha wanayoitoa wakinusa chakula.

Steve hakujificha. Alimwambia anasikitika, kwamba alikuwa na nia ya kupiga simu, kwamba mambo yalikuwa mengi.

"Ulinipa neno lako."

"Mguu ulionekana mzima. Nahimana alikuwa akimtembeza vizuri. Alitaka kwenda, mama, ungemwona asubuhi ile alivyokuwa akichezacheza. Farasi kama yule hataki kubaki nyuma. Na hakuteseka. Nilifanya mwenyewe."

Khadeeja alitazama upande wa zizi.

"Yuko wapi? Mmemzika wapi?"

Steve alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana na kila mtu.

"Hatuwaziki. Wanakwenda kwa mbwa. Ndiyo desturi ya wawindaji tangu zamani, nasi tunaiona ni heshima. Baba yako anajua."

Mbwa waliendelea kubweka. Khadeeja akarudi garini. Njiani kurudi ilimbidi aegeshe kando ya barabara kuu, malori ya makontena yakimpita na kulitikisa gari.

Nyumbani alimweleza mzee kila kitu. Alikuwa amefikiria kumficha, lakini kila mara alipoipanga ile hadithi ya uongo, aliona inamsaidia Steve kuliko inavyomsaidia baba yake. Kwa hiyo alimwambia juu ya mgeni, mbao, risasi, na mbwa. Alisubiri mzee alie.

Mzee hakulia. Alikaa akiitazama ile picha.

"Ajali," alisema mwishowe.

"Si ajali, Baba. Aliambiwa. Alikaa mbele yako, akala chakula chetu, akaapa."

"Wewe hujui mambo ya kuwinda. Farasi akivunjika mguu, mtu muungwana humpiga risasi mwenyewe. Hamwachii saisi." Alitafuta pumzi. "Steve alifanya mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi." Akanyoosha mkono wake mzima. "Nipe simu."

Khadeeja alidhani hatimaye atamkemea. Akamtafutia namba, akaishikilia simu sikioni mwa baba yake, na kwa kuwa alikuwa karibu hivyo hakuweza kukwepa kusikia. Baba yake, aliyeamrisha malori na watu wa bandarini kwa sauti yake enzi zake, alimwambia yule mtu kwa unyenyekevu, akiyatafuta maneno ya Kiingereza moja moja, kwamba asijisumbue moyoni. Akamshukuru kwa kumfanyia Bandari kama mmoja wao. Steve akamwambia yeye ni mtu mkubwa. Akamwambia msimu ukifungwa kutakuwa na chakula cha wanaklabu, na atatuma gari limlete.

Toka siku ile Khadeeja alimlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani kama kawaida, lakini mazungumzo yao yalipungua. Hoosen alipoambiwa, alisema alikuwa farasi tu. Achille hakuja tena.

Siku ya chakula ilifika. Mzee aliomba avalishwe tangu asubuhi, koti, tai, na kofia yake mpya, akaomba apelekwe kwenye kiti cha magurudumu mpaka barazani ili gari lisimngoje. Khadeeja alifanya yote. Kisha akaingia ndani kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Funguo za gari lake zilikuwa mezani mbele yake. Shongweni haikuwa mbali. Angeweza kumsukuma mzee mpaka garini, akamfikisha, akamwegesha kwenye meza ile ya watu wake, na mzee angefurahi. Alilijua hilo tangu saa nne, gari la Steve lilipokuwa halijatokea, na saa sita alilijua zaidi. Hakuinuka.

Adhana ya alasiri ilipolia kutoka msikitini alitoka na sahani ya wali. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshamfunika mzee mpaka magotini. Kofia ilikuwa imelala upande.

"Labda barabara imejaa malori," mzee alisema.

"Labda," Khadeeja alisema, akaketi kumlisha.