Timu Ikija Agua Mansa

Kitendawili! Sema tega, nikusikie. Haya: nyumba yangu ina viti vya kukalisha mji mzima, ina taa na milango pande zote, lakini naibeba kwapani. Fikiri. Usiangalie darini, jibu haliko huko. Umeshindwa? Basi nipe mji. Tena nipe wenye mto wa maji ya kweli, maana wangu ni Agua Mansa, huku Arizona, ambako mto ni mchanga mtupu na watu wanavaa glavu mwezi wa sita ili washike usukani bila kuungua.

Jibu ni uwanja wa Evaristo Montaño.

Evaristo ni mwenyekiti wa kamati ya viwanja ya mji wetu. Ni mtu mzima aliyefiwa na mkewe, masharubu yamechanwa, shati limenyooka pasi hata kwenye joto la kuoka mkate. Uwanja wake ni wa kadibodi, na popote aendapo anao. Wa kwanza ulikuwa wa besiboli. Timu ikaenda mji mwingine. Wa pili wa soka; timu ikavunjika kabla hajamaliza kugundisha paa. Huu wa tatu ni wa hoki ya barafuni. Ndiyo, barafu. Hapa kwetu, ambako ukianika nguo, ya kwanza imekauka kabla hujatundika ya mwisho.

"Shemeji, tazama huu," aliniambia siku alipouleta, akausukuma mezani katikati ya maharage niliyokuwa nachambua.

"Usiniite shemeji bado."

"Nafanya mazoezi."

Chanzo ni mdogo wangu Herminia. Tunakaa nyumba moja tangu waume zetu walipotangulia. Evaristo alimposa papo hapo jikoni, mimi nimesimama, Herminia ana unga wa tamale, mikate yetu ya mahindi, mpaka viwikoni.

"Herminia, utakubali nikuoe?"

Mdogo wangu aliendelea kukanda, weee, mpaka nikamwonea huruma yule baba. Mwishowe akasema, "Timu ikija, nitakujibu."

Basi, raha ikamwisha. Wenzake kwenye kamati walitaka timu kwa ajili ya mahoteli na maduka. Yeye alitaka jibu lake. Na mji mzima ulijua. Akiingia kwa kinyozi tu: "Vipi mwenyekiti, timu yako ya harusi imeshapanda ndege?"

Kila jioni alikuja kutoa taarifa. Herminia anamwekea sahani, anamsikiliza, halafu anamchokoza.

"Na hiyo barafu itayeyuka saa ngapi?"

"Haiyeyuki. Kuna mitambo."

"Mitambo ikizimika?"

"Tutaogelea, Herminia. Na pesa za tiketi haturudishi."

Siku moja akaja anahema. Tajiri mwenye timu amekubali kupita na helikopta Jumamosi alasiri, kuangalia kiwanja na watu wa mji. Akiona mji unaipenda timu, atatua. Akitua, mengine yote ni sahihi na picha.

Evaristo akasawazisha ardhi kule nje ya mji, kando ya mto mkavu. Akachoresha mistari myeupe ya maegesho mpaka macho yakauma. Katikati akaweka jukwaa, na mbele yake bango refu la KARIBUNI. Akatangaza redioni: njooni na magari yenu, vaeni bluu, tujaze uwanja!

Na watu walikwenda. Hilo nataka ulijue, asije mtu akakwambia Agua Mansa hatupendani. Magari yalifuatana kutoka mjini kama harusi.

Lakini nikuulize: nani aliyezaliwa huku anaegesha gari juani? Sisi tuko radhi kumbeba bibi na jiko la kuchomea nyama nusu ya mji, ilimradi gari limelala chini ya mti, hata mti wenyewe uwe mdogo kama mwavuli. Nina binamu wawili hawasalimiani kwa sababu ya kivuli cha pale sokoni. Basi kila dereva alifika, akaitazama ile mistari mizuri, akasema loo, mistari mizuri, halafu akakata kona na kuingia kwenye miti ya miiba iliyo kingoni mwa mto. Magari yakajichomeka chini ya matawi kama kuku chini ya ghala. Watu wakashuka na maboksi yao ya barafu, wakakaa humo humo. Waliochelewa waliacha magari mbali, penye miti, wakasimama kwenye kivuli cha bango. Kivuli chembamba, wakapanga mstari mmoja. Jua likisogea, nao wanasogea, bila mtu kuwaambia. Mimi na Herminia tulikuwa na mti mzuri. Tuliuwahi asubuhi.

Evaristo alikuwa jukwaani, kofia mkononi kwa heshima, anatuona vizuri kupitia chini ya matawi, anatupungia. Alifurahi mpaka akapiga kelele, "Wamejaa!"

Helikopta ikaja. Ikazunguka. Sisi chini ya miti tunashangilia, tunapunga skafu za bluu. Ikazunguka tena. Kisha ikashika njia ya milimani, ikaenda zake.

Simu ya Evaristo ikalia. Ni katibu wa tajiri. "Mji mzuri sana, mheshimiwa," alisema. "Ila mngetualika siku ambayo watu wapo."

Evaristo akageuka kutazama maegesho. Mistari myeupe, na gari moja: lake. Akatazama miti.

"Mwenyekiti, mbona hajatua?" mmoja wa wale wa kivuli cha bango akauliza.

"Kwa sababu yenu na vivuli vyenu!"

"Sasa tungekaa juani?" Yule bwana aliuliza kwa mshangao wa kweli. Evaristo naye maisha yake yote hajaegesha juani ila siku hiyo.

Jioni alikuja kwetu mikono mitupu, masikio mekundu kama pilipili. Herminia akamwekea sahani.

"Uwanja uko wapi?"

"Kwenye gari. Gundi imeyeyuka. Paa limeingia ndani."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Yeye akatabasamu kidogo, halafu akasukuma sahani pembeni.

"Kamati imevunjwa. Sasa wanataka bwawa la kuogelea. Herminia, lile swali langu naliondoa. Ulisema timu ikija, na timu haiji."

"Nani kakwambia uliondoe?"

"Sharti lilikuwa lako."

"Lilikuwa langu, ndiyo. Marehemu wangu alikuwa refa, Evaristo. Jumamosi zangu zote nimekula peke yangu, yeye yuko uwanjani. Ukaja wewe na uwanja kwapani! Nikasema, ngoja. Timu ikija, huyu atahamia kule, na mimi nitamjibu hapana. Isipokuja, nione kama bado atakuja kula."

"Nimekuja," Evaristo akasema polepole.

"Umekuja, tena umeungua."

"Mjibu mtoto wa watu," nikasema, "chakula kinapoa."

Herminia akairudisha ile sahani mbele yake.

"Ndiyo, nitakubali," akasema. "Sasa kula."