Mwenye Mzigo Aseme Tua

Begi lile lilikuwa na kilo ishirini na mbili, na nusu yake ilikuwa majivuno matupu. Kazi ya siku ile ilihitaji kamera moja na lenzi moja. Mimi nilipakia kamera tatu, lenzi tano, stendi mbili na betri za kuwashia mtaa mzima, kwa sababu chama cha wapiga picha za wanyama kilikuwa kinaamua kama kinipokee au la, na niliamini kwamba mwenye begi dogo hapewi uzito.

Kulibeba mwenyewe sikuweza. Nilikuwa nimepasuliwa ngiri, na daktari alinikataza kuinua chochote kinachozidi birika la chai. Nikamwendea kaka.

Kaka yangu ni kuli mstaafu. Alipakua magunia ghalani miaka thelathini, na mimi nilisoma kwa mgongo ule. Mimi ndiye mtoto wa mwisho kwetu, basi mpaka leo ananiita Kitinda, na mvi zangu hizi. Hakuniuliza hata tunakwenda wapi. Alilijaribu begi kwa mkono mmoja, akaguna.

"Kitinda, humu umetia kamera au umemtia shemeji yangu?"

"Hayo ni mambo ya kitaalamu, kaka."

"Haya, mtaalamu. Ila sheria yetu unaijua. Kuli hatui mpaka mwenye mzigo aseme tua. Usije ukanisahau huko."

Tulicheka. Ilikuwa sheria ya ghalani: kuli hutua akiambiwa, mwenye mzigo hukagua, na kilichovunjika ni juu ya kuli. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinibeba mabegani uani, akakataa kunishusha mpaka nipige kelele, "Tua!"

Wanachama tuliwakuta kando ya bwawa, wanafunga milango ya magari yao. Mwenyekiti alikuwa daktari wa meno, mwenye kizibao cha mifuko kumi na miwili. Akanipa mkono, kisha akamtazama kaka: sweta iliyotoboka kiwikoni, viatu vya mvua, kimoja cheusi na kimoja kijani.

"Na mwenzako ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa neno moja tu, na fupi: kaka.

"Huyu? Ni kuli wangu tu," nikasema.

Kaka alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Alikohoa kidogo, akawaamkia watu wote kwa adabu, akajitwika begi.

Tulitembea saa nzima kwenye tope. Nilipomuuliza kama amechoka, alijibu, "Hapana, bosi." Bosi! Masikio yaliniwaka moto. Nikajiambia nitamwomba radhi tukifika nyumbani, pasipo na watu. Nilikuwa nimemtukana hadharani, na nilipanga kumwomba radhi chumbani. Nilijiona mjanja.

Tulifika penye mti mkavu wenye kiota cha korongo. Makinda walikuwa ndani, na mama yao alikuwa anazunguka juu na chakula, anatuogopa. Kamera niliyoitumia ilikuwa shingoni mwangu tangu asubuhi. Begi halikuguswa hata zipu yake. Nikaweka jicho kwenye kamera, nikaanza kumbembeleza yule ndege kwa kunong'ona.

"Tua. Tua, mama. Tua basi."

Nyuma yangu sauti ikauliza taratibu, "Unaniambia mimi au ndege, bosi?"

Wanachama wakacheka chini chini. Ningegeuka pale pale, yangeishia hapo.

"Ndege!" nikamkemea. "Wewe tulia."

Akatulia. Korongo akatua, makinda wakafungua midomo, nami nikapiga picha zaidi ya mia mbili, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Dakika arobaini zikapita. Nilipogeuka, kaka alikuwa amesimama pale pale, maji yamemfika vifundoni na begi mgongoni. Mikanda ilikuwa imemzama mabegani.

"Mbona hukutua?"

"Hukusema."

Ningesema pale pale. Lakini wanachama walikuwa wamegeuka wote, wananitazama, na kusema "tua, kaka" mbele yao ilikuwa sawa na kuvuliwa nguo. Nikasema, "Turudi tu." Nayaandika haya huku naona haya. Nilimrudisha mzee wa miaka sitini na tatu saa nzima kwenye tope na mzigo ule, nikamtanguliza mbele ili nisiuone uso wake.

Kwenye magari, wenzangu walitua mabegi yao. Kaka akasimama. Mwenyekiti alifuta lenzi yake, akaitia mfukoni, akanisogelea.

"Mwambie kaka yako atue," akasema kwa upole. "Tangu asubuhi tunangoja umtambulishe. Pua yenu ni moja, hata kipofu angejua."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani tope linimeze.

"Tua," nikasema. "Tua, kaka. Nisamehe."

Kaka akapiga goti moja, akaliweka begi miguuni pangu polepole, kama wanavyoweka ghalani vitu vya kuvunjika. Akanyoosha mgongo kwa shida. Hakunitazama.

"Kagua, bosi," akasema. "Kama kuna kilichovunjika, ni juu yangu."