Jiko Lililopinduka Ukutani

Je, umewahi kuingia kwenye giza mchana kweupe, giza ulilolishona kwa mikono yako mwenyewe? Mwalimu Sindano alilishona. Watoto wa kambi ya kanisa walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ni cherehani, na kila likizo huiacha akaja kuwafundisha Neno. Safari hii somo lilikuwa uumbaji. Alitaka waanze pale pasipokuwa na kitu, ndipo awashe taa. Basi akafumua majoho meusi ya kwaya yaliyochakaa, akayaunga yakawa mapazia, akaziba madirisha yote ya bwalo.

Lakini roho yake ilikuwa kwa binti wa mpishi wa kambi. Tangu kambi ianze, mtoto alikuwa hajatoa neno, na chakula alikigusagusa tu. Kiongozi wa kambi alishakata shauri: asipofungua mdomo leo, jioni anarudishwa kwa shangazi yake.

"Mtoto anaumia, nasi hatujui kinachomuumiza," alisema.

"Niachie mpaka somo liishe, baba," Mwalimu akamwomba.

Watoto wakaingia wakisukumana. "Wewe Bubu, ukiogopa humu utatuitaje?" mmoja akamchokoza binti.

"Kaa chini, wewe uliyelizwa na sabuni jana," Mwalimu akamkata kauli.

Mlango ukafungwa. Giza totoro. Mwalimu akawa anapapasa kiberiti, mara akaona kitone cha mwanga kwenye pazia. Tundu la kifungo. Fundi mzima, amefumua joho na kusahau kushona tundu la kifungo. Akanyoosha kidole alizibe, akasikia watoto nyuma yake wamenyamaza ghafla, wote. Akageuka.

Ukuta mweupe ulikuwa hai. Mwanga wa lile tundu ulikuwa umeutupa uwanja wa nje humo, juu chini. Mti ulining'inia, matawi yakitikisika karibu na sakafu. Jiko la nje lilikuwa limepinduka, na moshi wake ukashuka taratibu, ukielekea kwenye anga la bluu lililotandikwa chini kama shuka. Mwalimu akakaa sakafuni katikati ya watoto, somo lote limemtoka kichwani. Dunia nzima ilikuwa imepenya pale palipopita kifungo, wala haikujikunja.

Kisha akatokea mwanamke, kichwa chini miguu juu, amebeba sufuria, na hakuna kilichomwagika.

"Mama," sauti ndogo ikasema.

Mwalimu hakuthubutu kujikuna. "Ndiye, mwanangu," akajibu polepole.

Binti akainuka, akasogea mpaka ukutani, akaweka kiganja. Mama yake akapita juu ya mkono wake, mdogo kama kidole, akaendelea na safari yake.

"Walisema watoto wa wafanyakazi tusiende jikoni, tutawasumbua," binti akasema bila kugeuka. "Mimi sikutaka kumsumbua mama, Mwalimu. Nilitaka tu nikae mahali ninapomwona."